Julius Kambarage Nyerere

Julius Kambarage Nyerere (Butiama, 13 Aprili 1922 – London, 14 Oktoba 1999) alikuwa mwalimu, mwanasiasa na mwandishi wa Tanzania. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Tanganyika, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika na Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania hadi alipong'atuka tarehe 5 Novemba 1985. Anajulikana kwa jina la Mwalimu na huitwa pia Baba wa Taifa.

Sehemu kubwa ya mfumo wa serikali ya Tanzania ilijengwa wakati wake: urais wenye madaraka makubwa, Muungano wa serikali mbili, chama kilichofika hadi kwenye nyumba kumi, serikali za vijiji, na ukomo wa vipindi viwili vya urais. Baadhi ya mambo hayo yamebaki, mengine yalifutwa, na mengine yanajadiliwa mpaka leo kila mjadala wa katiba unapoibuka.

Utoto Butiama

Nyerere alizaliwa katika kijiji cha Butiama, mashariki mwa Ziwa Viktoria, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki wa Butiama tangu mwaka 1915. Mama yake, Christina Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa chifu huyo aliyekuwa na wake wengi. Jina Kambarage linahusiana na mzimu wa mvua katika imani ya Wazanaki. Mtoto alipewa jina hilo kwa sababu mvua kubwa ilinyesha alipozaliwa.

Wazanaki ni kabila dogo. Kabla ya ukoloni hawakuwa na mtawala mmoja juu ya eneo lao lote. Mambo ya jamii yaliamuliwa na wazee na marika, na waliojua kuomba mvua walipewa heshima ya pekee. Uchifu kama Waingereza walivyoukuta ulikuwa umetiwa nguvu na utawala wa Wajerumani, waliohitaji mtu mmoja wa kumpa amri na kumdai kodi. Kwa hiyo Kambarage alikua akiona mifumo miwili kwa pamoja: baraza la wazee wanaozungumza mpaka wakubaliane, na ofisi ya chifu inayotegemea serikali ya kigeni. Baadaye alipotetea siasa yake, alirejea mara nyingi kwenye mfano wa wale wazee.

Elimu

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma, karibu kilomita 40 kutoka nyumbani. Rafiki wa baba yake, Chifu Makongoro wa Ikizu (leo katika Wilaya ya Bunda), alikuwa mmoja wa waliomshauri mzee Burito ampeleke mtoto huyo shule. Kambarage alimaliza masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali ya Tabora, iliyokuwa ikichukua vijana bora wa Tanganyika nzima.

Baba yake alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943 Kambarage alibatizwa katika Kanisa Katoliki huko Nyegina, karibu na Musoma, akapewa jina la Julius. Mwaka huohuo aliingia Chuo cha Makerere, Uganda, akapata stashahada ya ualimu mwaka 1945. Alirudi Tabora kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria.

Mwaka 1949 alikwenda Uskoti kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu shahada ya M.A. mwaka 1952. Huko alisoma historia, uchumi na falsafa, na alijadiliana na wenzake kuhusu ujamaa na ukoloni. Aliporejea alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel Waningu, mwalimu kutoka Tarime. Walijaliwa watoto wanane.

Kutoka ualimu hadi siasa

Mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa Tanganyika African Association (TAA), chama kilichokuwa na matawi mjini lakini hakikuwa na mpango wa wazi wa kudai uhuru. Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa Tanganyika African National Union (TANU), naye akawa rais wake. Mwaka 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na si koloni la kawaida. Baada ya safari hiyo alitakiwa achague kati ya kazi ya ualimu na siasa. Alijiuzulu kazi, akarudi Butiama kwa muda. Katika miezi hiyo aliwafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki.

TANU ilienea haraka. Kiswahili kilisaidia sana, maana kiongozi kutoka kabila dogo la Mara aliweza kuhutubia Lindi, Moshi au Tabora bila mkalimani. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la chama, akatozwa faini.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja mwaka huohuo. Serikali ya kikoloni ilipanga uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi ndani ya TANU walitaka kususia. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, kwa hoja kwamba chama kitakachosusia kitaachia wengine viti vyote vitatu. Zuberi Mtemvu alikataa, akaondoka na kuunda African National Congress. TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda, na hesabu ya Nyerere ikaonekana ilikuwa sahihi.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi, kisha Waziri Mkuu tarehe 1 Mei 1961. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wiki chache kabla ya hapo, Bungeni, alikuwa amepinga vikali wabunge wa chama chake waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, akatishia kujiuzulu kama wangeshinda.

Kuunda Jamhuri

Katiba ya uhuru ilifuata mfano wa Uingereza. Malkia alibaki kuwa mkuu wa nchi akiwakilishwa na Gavana Mkuu, na Waziri Mkuu aliwajibika kwa Bunge. Tarehe 22 Januari 1962 Nyerere aliwashangaza wengi kwa kujiuzulu uwaziri mkuu baada ya wiki sita tu. Alimwachia kiti Rashidi Kawawa, akaenda kuimarisha chama vijijini. Wakati huo serikali ilianza kuweka wakuu wa mikoa na wa wilaya waliokuwa pia makatibu wa TANU, mahali pa maofisa wa kikoloni. Hivyo chama na serikali vilianza kuwa kitu kimoja.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha katiba ya jamhuri. Rais alikuwa mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na amiri jeshi mkuu. Aliteua mawaziri na hakulazimika kufuata ushauri wao. Katika uchaguzi wa Novemba 1962 Nyerere alimshinda Mtemvu kwa tofauti kubwa mno, na tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa jamhuri. Mwaka huo ilipitishwa pia sheria iliyomruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Sheria hiyo ilitumika dhidi ya wapinzani, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na baadhi ya waliokuwa wenzake. Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta.

Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kama sehemu ya utawala wa nchi. Hatua hiyo iligusa nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa kaka yake Edward Wanzagi alikuwa amerithi uchifu wa baba yao. Kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120, kufutwa kwa uchifu kulipunguza nguvu ya ukabila katika siasa. Upande mwingine, kiliondolewa chombo kimoja ambacho kingeweza kusimama kati ya mwanakijiji na serikali kuu.

Maasi ya jeshi na Muungano

Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Nyerere alilazimika kuomba msaada wa jeshi la Uingereza, jambo lililomfedhehesha mbele ya Afrika iliyokuwa ikijivunia uhuru. Jeshi lilivunjwa, na Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo askari wake waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU.

Tarehe 22 Aprili 1964 Nyerere na Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano mjini Zanzibar, na tarehe 26 Aprili nchi mbili zikawa moja. Jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba mwaka huo. Mambo 11 yaliwekwa chini ya Serikali ya Muungano, kama vile ulinzi, mambo ya nje na uraia. Yaliyobaki ya Zanzibar yaliachwa kwa serikali yake. Tanganyika haikuwa na serikali yake tena. Nyerere alieleza kwamba serikali tatu zingekuwa mzigo, na serikali moja ingeonekana kuimeza Zanzibar. Idadi ya serikali imebaki kuwa swali kubwa la katiba ya Tanzania.

Chama kimoja

Januari 1964 Nyerere aliunda tume chini ya Kawawa kupendekeza namna ya kuendesha demokrasia ndani ya chama kimoja. Swali la kuwa na chama kimoja au vingi halikuwa sehemu ya kazi ya tume hiyo, kwa kuwa lilikwisha kuamuliwa. Matokeo yake yalikuwa Katiba ya Muda ya 1965: TANU ilikuwa chama pekee Bara, na Afro-Shirazi Party Zanzibar.

Hoja ya Nyerere ilikuwa hii. Vyama vya Ulaya vilitokana na matabaka yanayopingana. Tanganyika haikuwa na matabaka ya namna hiyo, na TANU ilikuwa ikipita bila kupingwa karibu kila mahali. Wananchi walikuwa hawapigi kura kabisa! Afadhali basi wanachama wawili wa chama kilekile washindane katika kila jimbo.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mkutano wa wilaya uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wagombea walizunguka pamoja, na hawakuruhusiwa kutumia kabila, dini au rangi. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 wabunge wengi waliokuwapo waliangushwa, akiwemo Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Wakati huohuo Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Asia, alichaguliwa Morogoro. Kwa urais mambo yalikuwa tofauti: jina lilikuwa moja, na mpiga kura aliandika ndiyo au hapana.

Chini kabisa walikuwapo mabalozi wa nyumba kumi. Balozi alisuluhisha ugomvi, alipeleka taarifa na alipokea maagizo ya chama. Mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambapo raia angeweza kumshtaki ofisa anayetumia vibaya cheo chake. Ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika. Hati ya haki za binadamu, hata hivyo, haikuwekwa katika katiba.

Azimio la Arusha na vijiji

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha. Mabenki, viwanda vikubwa na biashara kubwa vilitaifishwa. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba. Oscar Kambona, aliyekuwa katibu mkuu wa TANU, alitofautiana naye na akaondoka nchini mwaka huohuo.

Vijiji vya ujamaa vilianza kwa hiari, lakini watu walijiunga polepole. Mwishoni mwa mwaka 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Mamilioni ya watu walihamishwa kati ya mwaka huo na 1976, Mara ikiwemo. Sehemu nyingine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto, na watu waliwekwa mbali na mashamba yao. Ukame na kupanda kwa bei ya mafuta viliongeza njaa. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilianzisha halmashauri za vijiji, ambazo ndizo mzizi wa serikali za vijiji za leo.

Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kwa mpango wa madaraka mikoani, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vikavunjwa. Hatua hizo mbili zilimwondolea mwananchi vyombo alivyovizoea. Mwaka 1984 Nyerere alikubali kwamba yote mawili yalikuwa makosa. Vyombo hivyo vilirudishwa katika miaka ya 1980.

Azimio la Musoma

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, katika mji aliosomea Nyerere darasa la kwanza. Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977, badala ya mwaka 1989 kama ilivyopangwa awali. Liliamua pia kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu.

Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya darasani, ya posta na ya redio, huku wakifundisha. Wananchi walifyatua matofali na kujenga madarasa. Uandikishaji ulipanda kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika ziliwahi kufikia. Madawati na vitabu vilipungua, na nafasi za sekondari zilibaki chache mno kwa wingi wa watoto waliomaliza shule ya msingi. Ubora wa elimu hiyo umelaumiwa sana, lakini kwa familia nyingi za Musoma, Bunda na Tarime huo ulikuwa mlango wa kwanza wa shule.

Kusini mwa Afrika

Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao Dar es Salaam tangu mwaka 1963. FRELIMO ya Msumbiji iliundwa mjini humo mwaka 1962, na wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe na Angola walipata kambi na shule nchini, kama vile Kongwa na Mazimbu. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ikakosa mkopo iliokuwa imeahidiwa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China, iliipa Zambia njia ya bahari isiyopita kwa walowezi. Nyerere aliongoza nchi za mstari wa mbele, ambazo mwaka 1980 zilishiriki kuanzisha SADCC, mama wa SADC ya leo.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Jeshi la Tanzania liliwafukuza, likasonga mbele na kuingia Kampala Aprili 1979. Vita iliacha deni na uhaba mkubwa wa bidhaa.

Kung'atuka

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi (CCM), na mwaka huo ikapitishwa katiba ya kudumu. Marekebisho ya mwaka 1984 yaliweka hati ya haki za binadamu na kikomo cha vipindi viwili vya urais. Nyerere, aliyetawala zaidi ya miaka ishirini, alikuwa wa mwisho kutofungwa na kikomo hicho. Mwaka 1985 hakugombea tena. Ali Hassan Mwinyi alichukua nafasi yake. Aliendelea kuwa mwenyekiti wa CCM hadi 1990.

Alirudi Butiama kulima, kusoma na kucheza bao. Kabla ya hapo alikuwa ametafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Sasa aliandika Tenzi za Biblia. Aliongoza pia Tume ya Nchi za Kusini kuanzia 1987 hadi 1990.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alisema kwamba chama kimoja kimelala kwa kukosa mshindani. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliona Watanzania wengi walioulizwa wanataka kubaki na chama kimoja, lakini ilipendekeza vyama vingi, na Nyerere aliunga mkono mabadiliko. Yalianza kisheria mwaka 1992. Mwaka 1993 wabunge walipodai serikali ya Tanganyika, aliwapinga, akaandika kitabu Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Kuanzia 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi.

Kifo na kumbukumbu

Nyerere alifariki katika Hospitali ya St Thomas, London, tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Kaburi lake liko Mwitongo, kwenye makazi ya ukoo wake, karibu na makumbusho yenye jina lake yaliyofunguliwa mwaka huohuo. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Tarehe 14 Oktoba ni sikukuu ya taifa.

Wanaomsifu hutaja umoja wa taifa, Kiswahili, uadilifu wake na kuondoka madarakani kwa amani. Wanaomkosoa hutaja watu waliowekwa kizuizini, vijiji vya lazima na uchumi uliodorora. Pande zote mbili hukutana katika jambo moja: hakujilimbikizia mali. Madaraka makubwa ya Rais aliyoyaacha ndani ya katiba, hata hivyo, hayakutegemea tabia ya mtu mmoja. Yalirithiwa na kila aliyemfuata, na ndiyo sababu jina lake hurudi kila Watanzania wanapojadili namna ya kuyawekea mipaka.